Chumvi Kwenye Shuka la Uzazi

Sheria ya Mavazi ilipendwa sana na watu wasiofua nguo zao wenyewe. Kwa kifupi ilisema hivi: atakayeharibu kitambaa cha kinga, na madhara yakatokea, atawajibika kwa madhara hayo kana kwamba ameyatenda kwa mkono wake. Waliipigia makofi bungeni, wakapiga na meza. Dawa za kuua bakteria zilikuwa zimeshachoka zamani, kidonda cha kisu cha jikoni kiliweza kumzika mtu mzima, na kitu pekee kilichobaki kati ya watu na vijidudu kilikuwa nguo. Nguo yenyewe ilifumwa Korogwe kwa nyuzi laini za mkonge, ikachovywa kwenye maji yenye chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangekaa kwenye unene wa unywele mmoja bila kusukumana. Hospitalini, shuleni, sokoni, barazani, hukuruhusiwa kuingia bila hiyo. Watoto walizaliwa wakaikuta mlangoni ikiwasubiri.

Hidaya Shemhilu, msomaji wa nyuzi wa Kiwanda cha Stara, alikuwa ametandaza shuka moja la uzazi juu ya meza ya chuma. Lilikuwa na maua ya zambarau, pindo la njano, na jina katikati kama kanga yoyote: KARIBU MGENI WETU MDOGO. Kichanga kilichofunikwa shuka hilo kilikufa kikiwa na siku chache tu, kitovu kimeoza, mwili unawaka. Mama yake, Mwajabu, alikuwa mahabusu akisubiri kesi.

Hidaya alipitisha mashine ya kusomea kwenye pindo. Ndani ya kila shuka ulipita uzi mmoja walioupa jina la uzi shahidi. Jua, sabuni, moto, chumvi, kila kimoja kiliuachia alama yake, na mashine ikizisoma ilijua shuka limepita wapi na limebakiwa na nini. Ila sheria haikuuamini uzi peke yake. Msomaji mwenye leseni alitakiwa kuweka kiganja juu ya mashine mbele ya Baraza lililosimamia sheria hiyo na kuapa. Bila kiganja hicho, uzi ulikuwa uzi tu.

Mashine ikaonyesha chumvi. Si ya jasho wala ya mkojo wa mtoto. Ni chumvi ya beseni zima, usiku kucha.

"Umemaliza?" Gaudensi Mhando, meneja wa kiwanda, aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wa manukato mengi na salamu chache.

"Bado."

"Chumvi ipo?"

"Ipo."

"Basi umemaliza. Mwanamke ameua mtoto wake kwa ujinga, na wewe utawaambia hivyo Barazani keshokutwa, kwa maneno ya kistaarabu."

Hidaya hakumpenda Gaudensi, na hakuwahi kujisumbua kulificha jambo hilo. Alivuta shuka la pili, jeupe lenye maua yaleyale, akaliweka kando ya la kwanza.

"Sheria inataka nisome na la kulinganishia. La mama aliyefuata maelekezo. Nimechukua moja la Asnati."

Asnati alikuwa mama wa kwenye mabango. Picha yake na mwanawe Nehemia ilibandikwa kila ukuta wenye nafasi, kuanzia stendi hadi mlango wa choo cha soko, mtoto amefunikwa shuka la Stara anacheka.

"Na likoje?" Gaudensi aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Halijaona chumvi hata punje. Limefuliwa hapahapa kiwandani, kwa sabuni yetu. Na zaidi ya nusu ya fedha yake haipo."

"Imetoka kwenye maji ya kufulia."

"Maji nimeyapima. Imo kidogo tu. Nyingine imekwenda wapi, Gaudensi?"

Gaudensi alifunga mlango. Alijua imekwenda wapi, na Hidaya alijua kwamba anajua. Fedha iliyoshikamana na nyuzi ilikuwa mshahara wa polepole: ilitoa chaji kidogo kidogo, ikatoboa ganda la bakteria, ikaendelea hivyo miezi. Lakini jaribio la Baraza lilichukua saa chache, na fedha ya polepole haikufaulu jaribio la haraka. Kiwanda kikaongeza tabaka la pili juu, halijashikamana na kitu, limekaa tu kama unga kwenye andazi. Tabaka hilo ndilo lililong'ara mbele ya wakaguzi. Ndilo pia lililoondoka mara ya kwanza shuka lilipolowa jasho, au lilipogusa kitovu kibichi.

"Kichanga ngozi yake ni kama karatasi ya sigara," Hidaya alisema. "Kitovu ni kidonda. Imeingia mwilini."

"Na ikiingia? Umeona mtoto aliyekufa kwa fedha?"

"Sijaona. Hatujatafuta."

"Mimi nakuuliza ulichokiona." Gaudensi akamsogelea. "Kabla ya shuka hili ulikuwa unaifahamu wodi ya wazazi ya hapa? Mimi mke wangu alijifungulia pale. Walikuwa wanatoa vibunda, Hidaya. Mtu anaingia na beseni na kanga, anatoka na kibunda. Leo mwezi unapita bila hata kimoja. Wewe simama keshokutwa useme hiyo fedha ya juu, kila mama atalitupa shuka lake jalalani kabla ya jua kuzama. Halafu wakianza tena kutoa vibunda, utawachimbia wewe?"

Lililomuudhi Hidaya ni kwamba mtu huyu, mwongo tangu kuamka hadi kulala, hapo alikuwa anasema kweli.

*

Mahabusu ya Baraza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi, chenye dirisha la nondo lililotazama bomba la maji. Nje ya dirisha alikaa Bi Mashavu, mama yake Mwajabu, na kontena la uji uliopoa.

"Shikamoo, bibi," Hidaya alimwamkia.

Bi Mashavu alimtazama kuanzia viatu hadi ushungi, akageuza uso. Hakuitikia. Kwa mtu wa Korogwe hilo ni tusi lisilohitaji nyongeza, ila Bi Mashavu akaongeza. "Mwajabu! Wamekuletea fundi wao wa kukunyonga."

Mwajabu alikuja dirishani. Alikuwa msichana bado, macho yamevimba, gauni limelowa kifuani pande zote mbili. Maziwa yalikuwa yanakuja kwa saa zake kama kawaida, hayana habari na msiba.

"Umekuja kunipiga picha?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini ulililoweka?"

"Wewe ukinunua kanga mpya dukani unaifanyaje?"

Hidaya alilitazama bomba la maji.

"Nijibu, si umekuja kuuliza? Unaivaa hivyohivyo na dawa yake ya kiwandani?"

"Naloweka."

"Kwenye nini?"

"Maji ya chumvi. Rangi ishike."

"Basi zunguka mlangoni uingie humu, nafasi ipo." Mwajabu alishika nondo. "Mmenipa kanga. Ina maua, ina pindo, ina jina. Nani kaniambia ni dawa? Ingekuwa dawa mngeitia kwenye kichupa. Mimi nikasema mwanangu hafunikwi kitu kinachonuka kiwanda. Nikaweka chumvi ya mawe, nikakamua na ndimu, nikaianika. Nililoweka kwa sababu nampenda."

"Maelekezo yanasema—"

"Yako wapi?" Bi Mashavu alidakia. "Tuonyeshe, sisi si vipofu."

Yalikuwa kwenye boksi. Boksi moja lilibeba mashuka dazeni, na lilibaki kwa muuguzi, akiwekea glavu na pamba. Hidaya aliyajua hayo kwa sababu aliwahi kuliona boksi, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba shuka na maneno yake vitaachana mlangoni. Wenye akili zao walikaa mezani wakachagua maua ili kina mama walipende shuka. Wakalipenda. Wakalitendea kama wanavyotendea kanga wanayoipenda.

"Niambie wewe msomi," Mwajabu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni chumvi? Ni mimi niliyemuua?"

Hidaya alitaka kusema hapana. Angesema hapana angekuwa amemdanganya mfiwa. Chumvi kali iling'oa tabaka la juu lote, kisha ikaivamia fedha iliyoshikamana na nyuzi na kuifunika kwa utando mweupe, na fedha iliyofunikwa hivyo haiui kitu cha maana. Shuka la Mwajabu lilikuwa limebaki kanga ya maua, basi.

"Shuka halikuweza tena kumkinga," alisema. "Lakini hiyo si—"

Bi Mashavu alimmwagia uji. Haukuwa wa moto. Ulimshukia Hidaya begani na kuteremka hadi mkononi, na yeye akasimama tu, hajui ajifute au aondoke. Mwajabu alikuwa ameshaketi sakafuni, kichwa ukutani. Hidaya akaondoka na uji wake.

*

Ukumbi wa Baraza ulijaa hadi madirishani. Kila mtu alivaa kitambaa cha fedha kama sheria ilivyotaka, na joto lilipopanda ukumbi mzima ukaanza kunuka sarafu. Mwenyekiti, Mzee Kisaka, alikuwa mtu wa haki kwa kadiri sheria ilivyomruhusu, yaani si sana. Mwajabu alisimamishwa kizimbani. Adhabu ya kosa lake ilikuwa kifungo cha miaka saba, na akitoka asikanyage tena wodi ya uzazi yoyote. Azae porini, kama anapenda kuzaa.

Gaudensi alizungumza vizuri. Alitaja vibunda, akataja mke wake, hata machozi yakamlenga, na huenda yalikuwa ya kweli. Kisha akamwita Asnati asimame na mwanawe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shuka lilelile. Maua yaleyale. Mama huyu alitii. Mtazame mtoto wake, kisha mtafute wa mwenzake."

Akamtwaa Nehemia mikononi mwa mama yake na kumnyanyua juu. Watu wakaguna kwa kuvutiwa. Mtoto alikuwa mnene, mashavu kama maandazi, na kwa kunyanyuliwa ghafla akaangua kilio.

Hidaya alikuwa ameketi mbele kabisa, mashine yake mezani. Aliuona mdomo wa mtoto ulivyofunguka. Ufizi haukuwa wa waridi. Ulikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Akatazama mikono iliyokuwa ikipapasa hewani: chini ya kila ukucha, pale panapotakiwa kuwa peupe, palikuwa na buluu ya kijivu. Alikuwa amesoma habari za rangi hiyo kwenye vitabu vya watu wa kale waliokunywa fedha kama dawa. Ikishaingia kwenye nyama haitoki. Hukaa pia kwenye ini na figo, ila huko hakuna anayepiga picha ya bango.

"Msomaji," Mzee Kisaka alisema. "Swali ni moja. Katika shuka la mshtakiwa, chumvi ipo au haipo?"

"Ipo."

Ukumbi ulivuma. Bi Mashavu alimlaani Hidaya kwa sauti, kwa jina la baba yake.

"Weka kiganja uape."

Hidaya aliutazama mkono wake. Aliogopa, tena sana. Aliwaogopa watoto ambao hawajazaliwa, wale ambao neno lake lingewaacha bila shuka, zaidi ya alivyomwogopa Gaudensi.

"Siweki."

"Umesema ipo."

"Ipo. Lakini kiapo hakisemi 'chumvi ipo'. Kinasema mshtakiwa ameharibu kinga iliyokuwa salama. Mimi siwezi kuapa kwamba ilikuwa salama." Alisimama. "Mheshimiwa, shuka jipya lina fedha isiyoshikamana na kitu. Ilitiwa ili kulipitisha shuka kwenye jaribio lenu. Mama asiyeloweka, fedha hiyo inaingia kwa mtoto. Mama anayeloweka, inatoka yote, na ile nzuri inalala. Huyu alililoweka, mtoto wake akakosa kinga. Yule hakuloweka. Tazameni kucha za mtoto wake. Tazameni fizi."

"Mwongo!" Gaudensi alifoka, Nehemia bado yuko mikononi mwake. "Ameahidiwa kitu huyu! Mtoto ana afya, mnamwona!"

Asnati alikuwa ameshamnyang'anya mwanawe. Alimfungua mdomo kwa kidole, akatazama. Akatazama vidole vya mkono mmoja, vya mwingine, vya miguu. Halafu akalivua lile shuka la maua, akalidondosha sakafuni, akamtia mtoto ndani ya blauzi yake, na hapo akakumbuka kwamba hata blauzi ni ya Stara. Akafungua vifungo, ukumbi mzima unatazama, akamweka mtoto kwenye ngozi yake. Kisha akaja hadi mezani kwa Hidaya.

"Umelijua hili lini?"

"Juzi."

"Juzi." Asnati alitikisa kichwa taratibu. "Na jana nimemfunika. Na leo asubuhi nimemfunika, nikambusu, nikamfunika tena."

Akampiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyefua na kutwanga maisha yake yote, na Hidaya akashika meza asianguke. Hakuna askari aliyesogea.

Mzee Kisaka aligonga rungu mpaka ukumbi ukatulia. Aliuliza swali ambalo Hidaya alikuwa ameomba asiulizwe. "Tukiliondoa shuka hili leo, kuna kinga nyingine?"

"Kuna maji ya kuchemka. Sabuni. Pasi ya moto. Mikono safi." Shavu lilikuwa linamwaka. "Havifiki ilipofika fedha, Mheshimiwa. Fedha iliyoshikamana peke yake inafaa, lakini kuitengeneza upya itachukua miezi. Katika miezi hiyo wapo watakaokufa. Siwezi kuwaambia watakuwa wangapi, na siwezi kuwaambia hawatakuwepo."

"Na ukiweka kiganja?"

"Watakufa wachache zaidi. Nafikiri. Na wote watakaobaki watakuwa na kucha kama hizo, na hatujui zitawafanyia nini wakikua. Na huyu atafungwa kwa kuloweka kanga."

Hapo Mwajabu akacheka kizimbani. Hakikuwa kicheko cha kusikilizwa mara mbili.

"Basi mimi naomba kufundishwa," alisema. "Nimeloweka, mwanangu amekufa. Nisingeloweka, angekuwa wa majivu. Dada msomi, umesoma nyuzi zote. Ningemfunika na nini?"

"Sijui," Hidaya alisema.

"Hujui." Mwajabu aligeukia ukuta. "Na mimi ndiye niliyeshtakiwa."

Uamuzi wa Mzee Kisaka ulikuwa mfupi, na aliusoma kama mtu anayemeza kitu kichungu. Bila kiganja hakuna ushahidi, bila ushahidi hakuna kosa. Mshtakiwa aachiwe. Mashuka ya uzazi ya Stara yaondolewe wodini siku hiyohiyo. Leseni ya msomaji ifutwe, kwa kukataa kuapa juu ya jambo alilokiri kuwa kweli. Hakuna aliyeshangilia. Gaudensi alipita karibu na meza ya Hidaya na kusema polepole, bila hasira tena, "Utavihesabu vibunda mwenyewe." Akatoka.

Nje jua lilikuwa kali. Wahudumu wa wodi walikuwa tayari wanatupa mashuka ya maua kwenye toroli, na kina mama wajawazito wamesimama ukutani wanatazama, matumbo mbele, hakuna anayewaeleza kitu. Bi Mashavu alikuwa ameshafika pale kabla ya wote. Alikuwa amekusanya wanawake wa mtaa wake, na walikuwa wameleta makanga yao ya zamani, yale yaliyokaa kabatini tangu sheria ilipopita, yamechakaa hadi kuwa laini, na masufuria ya shughuli, na pasi mbili za mkaa ambazo mtu angeshtakiwa kwa kukutwa nazo, kwa kuwa moto uliua kinga ya nguo.

Hidaya alipotokea, Bi Mashavu alimwona.

"Unajua kupiga pasi?"

"Najua."

"Pande zote mbili? Mpaka pindo?"

"Pande zote mbili."

"Sijakusamehe mimi. Usije ukadhani."

"Sijaomba, bibi."

Bi Mashavu akatazama nyuma, kwa binti yake. Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha wodi, kanga ya zamani ameifunga kifuani kuzuia maziwa. Ndani mtoto wa mtu alikuwa analia, na kila akilia ile kanga ilizidi kulowa. Alimtazama Hidaya kwa muda, na katika macho yake hapakuwa na huruma yoyote.

"Aje," Mwajabu alisema. "Achemshe maji, apige pasi. Lakini mtoto wa mtu yeyote asimguse."

Hidaya akainama, akashika sufuria lililokuwa karibu naye, akaenda bombani kuteka maji.